Kanzidata ya ofisi na seva ya mafaili: namna ya kuziweka pamoja bila kupoteza hesabu

Ofisi nyingi ndogo za Kigoma mjini hufika mahali pamoja kwa njia tofauti. Mnunuzi wa dagaa mwenye ghala Kibirizi, muuza mawese wa jumla, duka la dawa la Mwanga, chama cha akiba na mikopo: kila mmoja alianza na kompyuta moja na faili moja la Access, au programu ya mauzo inayotunza kumbukumbu zake kwenye faili la SQLite. Kazi ikakua, kompyuta zikaongezeka, akaitwa fundi akafunga seva ya mafaili kwenye mtandao wa ndani, na lile faili likahamishiwa humo ili kila karani alifungue akiwa mezani kwake. Mwanzoni mambo huenda vizuri. Kisha huanza ujumbe kwamba faili linatumiwa na mtu mwingine, mauzo ya asubuhi hayaonekani mchana, na siku umeme ukikatika katikati ya kazi, faili linagoma kufunguka kabisa.

Mwongozo huu ni wa anayesimamia mfumo wa namna hiyo. Unahitaji kuwa umewahi kutumia Linux kwa kuandika amri, basi.

Kwanza ujue kinachoharibu faili

Seva ya mafaili haijui kanzidata (database) ni nini. Yenyewe hutoa na kupokea vipande vya faili tu. Karani akitafuta deni la mteja mmoja, kompyuta yake ndiyo inayovuta vipande kupitia waya, inavipekua, na akibadilisha kitu inavirudisha. Kompyuta nne zikifanya hivyo kwa wakati mmoja, kinachozizuia zisiandikiane juu ni kufuli zinazowekwa kupitia mtandao, na si kila kifaa kinatekeleza kufuli hizo ipasavyo, iwe unatumia NFS au SMB (njia mbili za kutoa mafaili kwenye mtandao). Watengenezaji wa SQLite wenyewe wanaonya juu ya kuweka faili lake kwenye diski ya mtandao. Ile hali yake ya kuandika iitwayo WAL ndiyo haifanyi kazi kabisa huko, kwa sababu inategemea kumbukumbu ya kazi (RAM) ya pamoja ya programu zilizo ndani ya kompyuta moja.

Access inavumilia zaidi, lakini faili lake haliwezi kuvuka GB 2, na kompyuta moja ikizimika wakati inaandika inaweza kuwaharibia wote.

Dawa ni kuweka injini ya kanzidata kwenye kompyuta moja, na wengine wote waiombe yenyewe. Ni sawa na ghala lenye karani mlangoni: mwenye shida ya gunia humwambia karani, hakuna anayeingia kujichukulia. PostgreSQL, MySQL na MariaDB hufanya kazi hivyo. Hapa nitatumia PostgreSQL, kwa sababu ndiyo iliyoandika wazi zaidi masharti ya kutumia diski ya mtandao.

Chagua mpangilio wako

Kama anayeandika ni mtu mmoja na wengine wanasoma ripoti tu, baki na Access. Ligawe faili mara mbili: majedwali yakae kwenye seva ya mafaili, fomu na ripoti zikae kwenye kila kompyuta. Tumia waya, si Wi-Fi. Huna haja ya kusoma zaidi ya sehemu ya chelezo (nakala za akiba za data).

Kama wanaoandika ni wawili au zaidi, weka PostgreSQL kwenye kompyuta moja yenye diski yake ya SSD, na seva ya mafaili ibaki kuwa mahali pa kupeleka chelezo. Huu ndio mpangilio ninaoupendekeza kwa ofisi tisa kati ya kumi. Hatua ya pili na ya tatu hapa chini zinakuhusu kidogo tu, ziruke.

Wa tatu ni ule ambao injini iko kwenye kompyuta moja, lakini data yenyewe inakaa kwenye seva ya mafaili kwa NFS. Watu huuchagua kwa sababu seva ya mafaili ina diski mbili zinazoigana, au kwa sababu wanataka kompyuta ya injini ikifa wachukue nyingine waendelee. Unawezekana, na PostgreSQL inauruhusu. Ila una masharti, na ukilegeza sharti moja utajuta mwezi ambao hukutarajia.

Hatua ya 1: umeme, waya na radi

Nunua UPS (betri ya akiba ya kompyuta) kabla ya kununua kitu kingine. Ichomeke kwenye vitu vitatu: kompyuta ya kanzidata, seva ya mafaili na swichi ya mtandao. Swichi ndiyo husahauliwa. Umeme unakatika, mashine zote mbili zinaendelea kuwaka, lakini haziongei kwa kuwa kisanduku kidogo cha ukutani kimezimika.

UPS iwe na waya wa USB unaotoa taarifa, na usakinishe programu ya NUT ili betri ikikaribia kuisha mashine zijizime zenyewe kwa mpangilio: kanzidata kwanza, seva ya mafaili baadaye. Wakati wa kuwasha ni kinyume chake.

Mvua zikianza kuelekea mwisho wa mwaka, radi huingia kwa njia ya waya wa mtandao kama inavyoingia kwa waya wa umeme. Kama una waya wa shaba uliovuka kutoka jengo moja kwenda jingine, tuseme kutoka ofisini hadi ghalani, ubadilishe uwe wa nyuzi za mwanga. Na ukague earth ya jengo kabla hujaamini kifaa chochote cha kuzuia radi.

Zipe mashine anwani zisizobadilika. Kwenye mifano yangu seva ya mafaili ni 192.168.10.5 na ya kanzidata ni 192.168.10.6.

Hatua ya 2: seva ya mafaili itoe folda ipasavyo

Kwenye seva ya mafaili yenye Linux, faili la /etc/exports liwe na mstari huu:

    /data/pg  192.168.10.6(rw,sync,no_subtree_check)

Tazama mambo mawili. La kwanza ni anwani: folda hii inatolewa kwa mashine moja tu, si kwa mtandao mzima. La pili ni neno sync. Linailazimisha seva isijibu "nimeshaandika" mpaka data iwe imefika kwenye diski kweli. Ukiweka async kasi itapanda vizuri sana, na seva itakuwa inadanganya: kanzidata inaambiwa muamala umehifadhiwa, kumbe uko kwenye RAM inayofutika umeme ukikatika. Vifaa vingine vya dukani vimefungwa kiwandani vikiwa na async, na mpangilio wake umefichwa kwenye ukurasa wa ndani kabisa wa usimamizi. Utafute mpaka uuone.

Kwenye mashine ya kanzidata, /etc/fstab iwe hivi:

    192.168.10.5:/data/pg  /mnt/pg  nfs4  rw,hard,noatime,_netdev  0 0

Neno hard ndilo la kushikilia. Mtandao ukikatika, mashine itasubiri mpaka urudi, hata kama ni saa nzima, kisha iendelee ilipoishia. Ukiweka soft itachoka kusubiri na kurudisha kosa katikati ya uandishi, na hapo ndipo majedwali huharibika. Makarani watalalamika kwamba kompyuta "zimeganda". Waache walalamike, kuganda kunapona.

Mtumiaji postgres awe na namba moja pande zote mbili. Ithibitishe kwa amri ya id postgres. Zikitofautiana, badilisha upande wa seva ya mafaili.

Hatua ya 3: anzisha kanzidata ndani ya folda ndogo

Usiweke data moja kwa moja kwenye /mnt/pg. Ukiwa kwenye seva ya mafaili, tengeneza folda ya ndani, iwe mali ya postgres, wengine wasiifungue:

    mkdir /data/pg/ofisi
    chown postgres /data/pg/ofisi
    chmod 700 /data/pg/ofisi

Sababu yake ni hii: siku diski ya mtandao ikichelewa kupachikwa, /mnt/pg itakuwa folda tupu ya kawaida. Kama data ilitakiwa kuwa humo moja kwa moja, kuna hati za kuwasha zitakazodhani ni usakinishaji mpya na kuanza kanzidata nyingine tupu. Ikiwa ni /mnt/pg/ofisi/data, folda haitapatikana, injini itakataa kuwaka, nawe utapata ujumbe unaoeleweka.

Debian 12 huja na PostgreSQL 15, na ikisakinishwa hujitengenezea kanzidata yake ya kuanzia. Kama mashine ni mpya, iondoe, kisha anzisha ya kwako:

    sudo pg_dropcluster --stop 15 main
    sudo -u postgres /usr/lib/postgresql/15/bin/initdb \
      -D /mnt/pg/ofisi/data --data-checksums -E UTF8 \
      --auth-local=peer --auth-host=scram-sha-256

Usiache maneno mawili ya mwisho. Bila hayo initdb huruhusu kila aliye kwenye mashine ile kuingia bila nywila. Nalo --data-checksums huweka alama ya uhakiki kwenye kila ukurasa wa data, ili diski ikiharibu kitu ujulishwe badala ya kuletewa hesabu za uongo.

Kisha andika /etc/systemd/system/pg-ofisi.service:

    [Unit]
    After=network-online.target
    Wants=network-online.target
    RequiresMountsFor=/mnt/pg

    [Service]
    Type=notify
    User=postgres
    ExecStart=/usr/lib/postgresql/15/bin/postgres -D /mnt/pg/ofisi/data
    KillMode=mixed
    KillSignal=SIGINT
    TimeoutSec=infinity

    [Install]
    WantedBy=multi-user.target

Iwashe kwa systemctl enable --now pg-ofisi.

Sasa sharti ambalo halina mjadala: mashine mbili zisiwashe injini juu ya folda moja ya data kwa wakati mmoja. Ndani ya folda hiyo kuna faili postmaster.pid linalozuia injini mbili, lakini ulinzi wake unategemea kukagua programu zilizo kwenye mashine ileile. Mashine ya pili haiwezi kuona kwamba ya kwanza iko hai. Zikiandika pamoja, dakika chache zinatosha kuharibu kila kitu, na hakuna amri ya kukarabati.

Kabla ya kuingiza data halisi, pima uandishi kwa pg_test_fsync, ukiielekeza kwenye faili la majaribio ndani ya /mnt/pg/ofisi. Kama mtandao wako bado ni wa Mbps 100, badilisha swichi. Ukishawishiwa na mtu kuongeza kasi kwa kuweka fsync = off (yaani injini isisubiri data ifike diskini), mshukuru na usifanye.

Hatua ya 4: nani aingie, na aruhusiwe nini

Kwenye postgresql.conf:

    listen_addresses = 'localhost,192.168.10.6'

Na mwisho wa pg_hba.conf:

    host  mauzo  all  192.168.10.0/24  scram-sha-256

Kisha washa injini upya. Usifungue mlango 5432 kwenye ruta ili mwenye tawi Kasulu au Uvinza aingie kupitia intaneti. Milango hiyo hutafutwa na programu za wezi usiku na mchana. Tumia WireGuard (VPN, njia ya siri ya kupita kwenye intaneti), ni nyepesi na inatosha.

Kila karani awe na jina lake. Jina moja la "ofisi" linalotumiwa na wote linakuondolea uwezo wa kujua nani aliandika nini. Ukishahamisha majedwali (hatua inayofuata), ingia kwenye kanzidata ya mauzo na uandike:

    CREATE ROLE makarani NOLOGIN;
    CREATE ROLE karani_ghala LOGIN IN ROLE makarani;
    GRANT SELECT, INSERT, UPDATE ON ALL TABLES IN SCHEMA public TO makarani;
    GRANT USAGE ON ALL SEQUENCES IN SCHEMA public TO makarani;

Nywila iweke kwa \password karani_ghala ukiwa ndani ya psql, ili isibaki kwenye historia ya amri. DELETE nimeiacha kwa makusudi. Kwenye hesabu za fedha, kosa hurekebishwa kwa kuandika muamala wa kulirudisha, si kwa kufuta mstari. Na jedwali la malipo mimi ningeliondolea hata UPDATE.

Kumbuka pia kwamba majina na namba za simu za wateja ni taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ofisi ndogo nayo inaguswa.

Hatua ya 5: kuhamisha kumbukumbu za zamani

Toa kila jedwali la Access kama CSV (faili la maandishi lenye safu zilizotenganishwa kwa mkato), tengeneza kanzidata kwa createdb mauzo, tengeneza majedwali, kisha ingiza kwa \copy. Maeneo matatu yanahitaji macho. Namba za simu ziwe maandishi, vinginevyo sifuri ya mbele hupotea, hasa CSV ikipitia Excel njiani. Fedha ziwe aina ya numeric. Tarehe zetu huanza na siku, kwa hiyo andika SET datestyle = 'ISO, DMY'; kabla ya kuingiza, la sivyo 03/04 itakuwa Machi. Hifadhi CSV kwa UTF-8.

Ukimaliza usiamini macho. Linganisha idadi ya mistari na jumla ya fedha ya kila mwezi, upande wa zamani na upande mpya, na mwenye ofisi aone zinalingana kabla faili la zamani halijafungwa.

Fomu za Access si lazima uzitupe. Ziunganishe na PostgreSQL kwa ODBC (kiunganishi cha programu na kanzidata), makarani wataendelea na skrini waliyoizoea.

Hatua ya 6: chelezo

Diski mbili zinazoigana ndani ya seva ya mafaili si chelezo. Ukifuta jedwali kwa bahati mbaya, limefutika kwenye zote mbili wakati uleule. Wala kunakili folda ya data huku injini inafanya kazi si chelezo. Utapata mchanganyiko wa kurasa za nyakati tofauti usiofunguka.

Tumia pg_dump kila usiku. Kwenye crontab ya mtumiaji postgres, andika kila amri kwenye mstari mmoja:

    30 20 * * *  pg_dump -Fc mauzo -f /chelezo/mauzo-$(date +\%F).dump
    50 20 * * 0  pg_dumpall --globals-only > /chelezo/watumiaji.sql

Mkwaju ulio kabla ya % ni lazima, kwa kuwa cron huisoma alama hiyo kwa maana nyingine. Mstari wa pili upo kwa sababu pg_dump haibebi watumiaji na nywila zao.

Folda ya /chelezo iwe wapi? Kama data iko kwenye seva ya mafaili, chelezo isikae humohumo. Iende kwenye diski ya mashine ya kanzidata, na toka hapo kwenye diski ya USB. Nunua diski mbili: moja iwe ofisini, nyingine nyumbani kwa mwenye mali, zibadilishane kila wiki. Kama data iko kwenye mashine ya kanzidata, kinyume chake: chelezo iende kwenye seva ya mafaili, kwenye folda ambayo kompyuta za makarani haziwezi kuiandikia. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai fedha hufunga kila folda ambayo kompyuta iliyoambukizwa inaweza kuiandikia, chelezo ikiwemo.

Halafu jaribu kurejesha:

    createdb jaribio
    pg_restore -d jaribio /chelezo/mauzo-2025-03-14.dump

Weka tarehe ya faili lako, fungua kanzidata ya jaribio, jumlisha mauzo ya siku ya mwisho, linganisha na daftari la mkono. Pima pia muda uliotumika, kwa sababu ndilo swali la kwanza utakaloulizwa siku ya balaa. Ukimaliza, dropdb jaribio.

Kwa wenye biashara ya dagaa kalenda ya kazi hii ipo tayari. Siku za mbalamwezi wavuvi wa taa hawaingii ziwani, mwalo unapoa, na ofisi inaweza kusimama nusu siku bila mtu kugombana. Jaribio la kurejesha, masasisho ya PostgreSQL na kubadilisha diski vipangwe hapo. Uhamisho mkubwa upangie kipindi ambacho Ziwa Tanganyika limefungwa kwa uvuvi, kama ilivyokuwa mwaka 2024 kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti.

Hatua ya 7: kuangalia kila wiki

Nafasi ya diski, kwa df -h. Diski ikijaa PostgreSQL husimama, na watu wasiojua hukimbilia kufuta vilivyo ndani ya pg_wal (folda ambamo injini huandika miamala kwanza) kwa kuwa vinaonekana vikubwa. Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kuipoteza kanzidata. Futa chelezo za zamani, ongeza diski, pg_wal usiiguse.

Miamala iliyoachwa wazi:

    SELECT usename, state, xact_start FROM pg_stat_activity
    WHERE state = 'idle in transaction';

Ukiona jina la karani limesimama hapo tangu asubuhi, kuna fomu ameiacha wazi akaenda kula, na huenda ndiyo inayowazuia wengine. Usafishaji wa ndani uitwao autovacuum uache uwashwe. Tazama pia safu ya checksum_failures kwenye pg_stat_database: namba yoyote juu ya sifuri ina maana diski, RAM au waya una kasoro, na chelezo ya leo ichukuliwe sasa hivi, bila kufuta ya jana.

Mambo yakiharibika

Kanzidata ikiganda ghafla kwa watu wote, anza na mtandao. Ping seva ya mafaili kutoka mashine ya kanzidata. Isipojibu, shughulika na swichi, waya au seva yenyewe, na injini usiiguse. Usijaribu kuiua kwa kill -9. Mawasiliano yakirudi itaendelea yenyewe.

Umeme ukirudi baada ya kuzimika kote, washa swichi, kisha seva ya mafaili, subiri iwake kabisa, ndipo uwashe mashine ya kanzidata. Kwenye kumbukumbu zake za matukio (log) utaona inarejesha miamala kutoka pg_wal. Hiyo ni kawaida, iache imalize.

Mashine ya kanzidata ikifa kabisa, na data iko kwenye seva ya mafaili, chukua kompyuta nyingine na usakinishe Debian na PostgreSQL ya toleo lilelile kuu, maana data ya 15 haifunguki na 16. Weka namba ileile ya mtumiaji postgres, anwani ileile ya 192.168.10.6, fstab na faili la huduma la hatua ya tatu. Kabla ya kuwasha, nenda kwenye ile iliyokufa uchomoe waya wake wa umeme na wa mtandao kwa mkono wako, hata kama skrini ni nyeusi. Ndipo ufute postmaster.pid iliyobaki, uwashe injini, na uwaite makarani warudi mezani.